Miti Elfu Saba ya Kassel na Misitu Iliyofuata

Mti ni mgeni wa zamani katika sanaa. Mchoraji aliuchora, mshairi aliusifu, fundi aliukata akatoa ndani yake mlango, sanamu au kinyago. Walakini katika hali zote hizo mti wenyewe, ulio hai na wenye mizizi, ulibaki nje ya kazi. Aliyetazama picha ya mwitu hakuulizwa ni nani aumwagiliaye maji. Makala haya yahusu kipindi kifupi, kisichofika miaka hamsini, ambamo baadhi ya wasanii wa Ulaya na Marekani waliuingiza mti wenyewe katika kazi zao: ukiwa mche, au kisiki, au mti mkavu uliosimamishwa. Yataka kuchunguza swali moja ambalo wahakiki wengi hulipita upesi, nalo ni hili: watazamaji wakisha kwenda zao, ni nani abakiye na mti?

Kazi za namna hii tutaziita sanaa ya kusimika, kwa kuwa msanii husimika vitu mahali, na mahali penyewe pakawa sehemu ya kazi. Si jina zuri sana, lakini lafaa kuliko mengine, maana kusimika ni kuweka kitu kisimame, na baadhi ya kazi tutakazozitaja zilisimama kwa majuma machache tu, na nyingine zimekusudiwa kusimama miaka mia nne.

Hapana budi kuanza Kassel. Mji huu wa katikati ya Ujerumani uliteketea usiku mmoja wa Oktoba 1943, ndege za Uingereza zilipoumwagia moto, na watu wapatao 10,000 wakafa. Uliporudishwa baada ya vita ulikuwa mji wa saruji na barabara pana. Mwaka 1955 Arnold Bode, mwalimu wa sanaa wa hapo, alianzisha maonyesho yaliyoitwa documenta, shabaha yake ikiwa kuwarudishia Wajerumani sanaa ya kisasa ambayo utawala wa Hitler ulikuwa umeipiga marufuku. Maonyesho hayo yalikua, na siku hizi hufanyika kila baada ya miaka mitano. Yale ya saba yaliangukia mwaka 1982, na miongoni mwa walioalikwa alikuwamo Joseph Beuys.

Beuys alizaliwa mwaka 1921. Alikuwa mwanahewa wa jeshi la Ujerumani katika vita, na ndege yake ilianguka Krimea mwaka 1944. Iko hadithi aliyoieneza mwenyewe kwamba Watatari walimwokota na kumfunika kwa mafuta na blanketi za sufi. Wanahistoria wameitilia shaka sana, nami naiacha hapo. La hakika ni kwamba alikuwa mwalimu wa uchongaji katika chuo cha sanaa cha Düsseldorf tangu 1961, akafukuzwa mwaka 1972 kwa kuwatetea wanafunzi walionyimwa nafasi, na kwamba alikuwa miongoni mwa walioasisi chama cha Kijani. Alishikilia kuwa jamii yenyewe ni kama udongo wa mfinyanzi, na kwamba kila mtu ashirikiye kuifinyanga ni msanii. Wengi walimcheka. Katika Kassel alitafuta kuonyesha kwamba hakuwa akisema maneno matupu.

Alichokifanya chaelezeka kwa maneno machache. Aliagiza mawe 7,000 ya basalti, jiwe jeusi la volkano, kila moja likiwa nguzo yenye kimo cha mita moja na kidogo, akayalundika katika uwanja mkubwa ulio mbele ya jumba la Fridericianum. Lundo lilikuwa na umbo la kabari, na kwenye ncha yake, tarehe 16 Machi 1982, Beuys alipanda mwaloni wa kwanza na kusimamisha jiwe moja kando yake. Sharti lilikuwa hili: jiwe halitaondoka katika lundo ila kwa kusindikiza mti utakaopandwa mahali fulani mjini. Basi lundo likawa kama daftari la madeni lililoachwa wazi barazani. Kila mpita njia aliweza kuona deni lililobaki, na aliyechukizwa na mawe yale, nao walikuwa wengi, alikuwa na njia moja tu ya kuyaondoa, yaani kupanda.

Nadhani hapa ndipo penye akili ya kazi ile, wala si katika miti peke yake. Sanaa iliyotangulia ilimtaka mtazamaji apende. Hii ilimruhusu achukie, na chuki yake ikatiwa nira ikalima. Watu wa Kassel walilalamika kwamba uwanja wao umeharibiwa, kwamba mawe ni mabaya, kwamba nafasi za kuegeshea magari zitapotea. Hata hivyo shule, majirani na vyama vya mitaa vilileta maombi ya mahali pa kupanda, na mwaka kwa mwaka kabari ile ikapungua.

Fedha zilikuwa tatizo kubwa. Mti mmoja pamoja na jiwe lake uligharimu mark 500, na aliyelipa alipewa hati. Shirika la sanaa la Dia la New York lilitoa msaada wa mwanzo. Tarehe 30 Juni 1982 Beuys aliyeyusha hadharani taji ya dhahabu, nakala ya taji ya mfalme Ivan wa Urusi, akaisubu kuwa sanamu ya sungura, alama ya amani. Sungura huyo aliuzwa kwa mark 777,000 na fedha zikaingia katika miti. Hata tangazo la wiski ya Kijapani alilifanya. Wako waliomlaumu kwa hilo, wakasema msanii amejiuza. Mimi sioni aibu yake. Miche hainunuliwi kwa nadharia.

Jina kamili la kazi lilikuwa na mchezo wa maneno ambao mwalimu wa lugha hawezi kuupita. Utawala wa mji kwa Kijerumani ni Stadtverwaltung. Beuys alibadili herufi moja, t ikawa d, akapata Stadtverwaldung, neno lisilokuwapo, lenye mzizi wa Wald, yaani msitu: kuugeuza mji kuwa mwitu. Alitaka hili badala ya lile. Lakini historia imefanya mzaha wake juu ya mzaha huo, maana miti ya Kassel imedumu kwa sababu utawala wa mji uliichukua katika mikono yake. Ni watumishi wa bustani za mji waikatao matawi makavu, na mti ufapo hupandwa mwingine kando ya jiwe lile lile.

Hapa yafaa kusahihisha jambo moja. Siku hizi miti ya Kassel husifiwa kama kazi ya kwanza kubwa kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Sivyo ilivyokuwa. Mwaka 1982 hofu ya Wajerumani ilikuwa mvua ya asidi. Novemba 1981 gazeti la Der Spiegel lilikuwa limetangaza katika jalada lake kwamba msitu unakufa, na neno Waldsterben, kifo cha msitu, lilikuwa mdomoni mwa kila mtu. Jopo la mataifa la wataalamu wa tabianchi liliundwa mwaka 1988, Beuys akiwa amekwisha fariki. Yeye alikuwa akifikiri juu ya mji ulioungua, saruji, na moshi wa viwanda. Kazi yake imeingia katika habari za tabianchi kama mti wa kale unavyoingia katika kesi ya mpaka wa shamba: haukupandwa kwa ajili ya kesi, lakini upo, na hapana shahidi mwenye umri kama wake.

Beuys alifariki tarehe 23 Januari 1986, na lundo lilikuwa bado halijakwisha. Tarehe 12 Juni 1987, siku ya kufunguliwa documenta ya nane, mwanawe Wenzel alipanda mti wa mwisho kando ya ule wa kwanza. Si yote iliyokuwa mialoni. Zaidi kidogo ya nusu ilikuwa mialoni, na iliyobaki ni ya jamii nyingine. Hapo kwanza jiwe lilikuwa nene kuliko mche. Sasa mti umelipita jiwe mara nyingi, na mgeni asiyejua huenda asilione.

Mwaka ule ule wa 1982 mwanamke mzaliwa wa Budapest, Agnes Denes, alipanda ngano katika eka mbili za kifusi huko Manhattan, karibu na soko la fedha la New York, akaivuna Agosti. Ngano ile ilikuwa ya msimu mmoja. Miaka kumi baadaye alipata nafasi ya kufanya jambo la muda mrefu zaidi. Serikali ya Ufini ilitangaza katika mkutano wa mazingira wa Rio de Janeiro, Juni 1992, kwamba itaujenga mlima wake wa miti. Mahali palipochaguliwa ni Ylöjärvi, penye mashimo ya zamani ya kuchimbia kokoto. Udongo ulilimbikizwa ukawa kilima cha umbo la yai, urefu wake mita 420 na upana mita 270, na watu 11,000 wakapanda misonobari 11,000 kwa mpangilio wa mizunguko kama ile ya mbegu katika kichwa cha alizeti. Kazi ilikamilika mwaka 1996.

Kila aliyepanda alipewa hati ya kuwa mlinzi wa mti wake, na hati hiyo yarithiwa kizazi hata kizazi, kwa miaka 400. Mti hauwezi kuhamishwa wala ardhi kuuzwa kwa matumizi mengine katika muda huo. Miaka mia nne iliyopita Wareno walikuwa bado wanashika Ngome ya Mombasa. Ndio urefu wa ahadi tuisemayo. Mtazamaji aliye ndani ya ndege huona mpangilio mzuri wa hesabu, lakini hesabu hiyo itapotea misonobari itakapopanuka na kusongana. Hati itabaki. Kwa maoni yangu hati ndiyo kazi ya sanaa, na kilima ni kielelezo chake.

Msomaji wa Afrika Mashariki atakuwa amekwisha kumkumbuka Wangari Maathai, na ana haki. Tarehe 5 Juni 1977, miaka mitano kabla ya Kassel, yeye na wenzake walipanda miti saba katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi, na hapana mhakiki aliyeiita sanaa. Mingi kati ya ile saba haikuishi. Somo lililotokana na hayo laonekana katika kanuni ya Green Belt Movement ya baadaye: wanawake walipewa malipo madogo kwa kila mche uliopona baada ya kupandwa, wala si kwa kila mche uliotiwa shimoni. Maathai hakumhitaji Beuys, wala Beuys hakuonyesha kumjua. Lakini wote wawili walitambua kwamba siku ya kupanda ni siku rahisi kuliko zote, na wakatafuta namna ya kumfunga mtu kwa siku zinazofuata. Kwa nini kitendo kimoja kiwe sura katika vitabu vya historia ya sanaa na kingine kiwe sura katika vitabu vya maendeleo, ni jambo linalotueleza zaidi juu ya waandishi wa vitabu kuliko juu ya miti.

Afrika iliingia katika habari hii kwa mlango mwingine mwaka 2009. Msanii wa Uingereza, Angela Palmer, alivisafirisha visiki 10 vya miti mikubwa kutoka msitu wa Suhuma, magharibi ya Ghana, hadi Ulaya. Vingi vilikuwa vya miti iliyoangushwa na dhoruba, vichache vya miti iliyokatwa kwa biashara. Novemba vililala katika uwanja wa Trafalgar, London, na mizizi yake nje. Desemba vilikuwa Copenhagen, wakati mataifa yalipokutana huko kujadili tabianchi. Baadaye vikawekwa Oxford. Katika Trafalgar vilikuwa chini ya nguzo ya Nelson, ambayo yapita kidogo mita 50, na watu wakaambiwa kwamba miti ya namna ile hufikia kimo hicho. Walitazama juu, wakauona mti usiokuwapo.

Hiyo ilikuwa fikira nzuri, nami siidharau. Walakini ina upungufu wake. Mkutano wa Copenhagen ulikwisha kwa mapatano ambayo mataifa yaliyatambua tu bila kuyapitisha, na visiki havikuwa na nguvu ya kumdai mtu chochote. Aliyevitazama alihuzunika, akapanda basi lake. Lundo la Kassel lilikuwa likipungua au halipungui, na kila mtu aliweza kuhesabu. Huzuni haihesabiki. Tena tusiache kusema kwamba magogo yalikuwa yamesafiri njia ile kutoka pwani ya Guinea hadi Ulaya kwa miaka mingi yakiwa mbao za samani. Mara hii yalifuata njia ile ile yakiwa somo. Anayefundishwa ni mnunuzi, na hilo ni jema. Msitu wenyewe haukupata cho chote ila sifa.

Kazi iliyofuata kwa ukubwa ilizua kelele zaidi na, naona, ilistahili sifa kidogo zaidi kuliko visiki kwa ujasiri wake, na kidogo kuliko vyote kwa mengine. Mwaka 1970 na 1971 mchoraji wa Austria, Max Peintner, alichora kwa kalamu ya risasi uwanja wa michezo uliojaa watazamaji, na katikati, badala ya wachezaji, msitu. Ilikuwa picha ya siku zijazo ambamo watu watalipa kiingilio ili waone miti. Mswisi Klaus Littmann aliichukua picha hiyo akaitimiza: tangu tarehe 8 Septemba hadi 27 Oktoba 2019, miti 299 ilisimama katika uwanja wa mpira wa Klagenfurt, wenye viti 30,000, mingine ikiwa na uzito wa tani sita. Kiingilio kilikuwa bure. Timu ya Wolfsberg, iliyokuwa imefuzu kucheza na vilabu vya Ulaya, ilicheza mechi zake za nyumbani Graz.

Picha ya Peintner ilikuwa onyo. Ilipotimizwa, onyo likawa tamasha, na watu walifanya hasa yale waliyoonywa wasifanye: walikaa vitini wakatazama miti. Huenda Littmann alilikusudia. Lakini miti ile ilitoka katika vitalu, si katika msitu wowote, na chini yake hapakuwa na udongo wa miaka, wala uyoga, wala chungu wenye makao yao. Msitu ni ujirani. Miti 299 katika uwanja ni abiria.

Tofauti na hiyo ni kazi ya Maya Lin huko New York, ingawa nayo ilikuwa ya muda. Lin, aliyejulikana tangu mwaka 1982 kwa ukuta wa kumbukumbu ya askari waliokufa Vietnam, alisimamisha katika bustani ya Madison Square, Mei hadi Novemba 2021, mierezi 49 iliyokufa. Ilitoka Pine Barrens, jimbo la New Jersey, ambako maji ya chumvi, yakisukumwa na dhoruba na kupanda kwa bahari, yameiua mierezi ya mabonde. Wataalamu huita misitu iliyokaushwa hivyo misitu ya mizuka, na Lin akaipa kazi yake jina hilo.

Nimeandika mizuka, wala sikuandika mizimu, kwa sababu maalumu. Kwetu mahali pa mizimu ni mahali paogopwapo, na mahali paogopwapo hapakatwi miti; misitu ya kaya ya Wamijikenda, iliyoingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2008, ilidumu karne nyingi kwa heshima ya namna hiyo. Msitu wa mizimu ni msitu hai wenye wenyewe. Msitu wa Lin ulikuwa kinyume chake: ulikuwa umepoteza wenyewe na uhai pamoja. Aliyeujua mkoko uliofukiwa mchanga, au mnazi uliosimama bila kichwa kwenye kingo inayoliwa na maji, hakuhitaji kufafanuliwa.

La kusifiwa zaidi ni yaliyotukia baadaye. Miti na vichaka 1,000 vilipandwa katika mitaa ya New York, na ile mierezi ilipong'olewa ikapasuliwa mbao, wakapewa vijana wa Bronx wanaofundishwa kuunda mashua. Mti uliouawa na bahari ukarudi majini kuibeba mizigo ya watu. Ni jibu dogo, lakini ni jibu kwa swali letu la nani abakiye na mti.

Jibu refu lipo Oslo. Mwaka 2014 msanii wa Uskoti, Katie Paterson, alipanda miche 1,000 ya sprusi, jamaa ya misonobari, katika msitu wa Nordmarka juu ya mji. Kila mwaka mwandishi mmoja hukabidhi mswada usiosomwa na mtu, na mwaka 2114 miti itakatwa ifanywe karatasi, na miswada yote ichapwe. Margaret Atwood alikuwa wa kwanza. Mwandishi wa mwaka 2021 alikuwa Tsitsi Dangarembga wa Zimbabwe. Miswada yahifadhiwa katika maktaba kuu ya mji, ndani ya chumba kilichojengwa kwa mbao za miti iliyokatwa ili kuipisha miche, kilichofunguliwa mwaka 2022. Mwaka huo huo mji wa Oslo ulitia sahihi mkataba wa kuilinda kazi hiyo na msitu wake kwa miaka 100.

Basi tangu Kassel hadi Oslo mkataba umekuwa mrefu, wazi na wenye nguvu ya sheria, na kwa kiasi hicho sanaa hii imekomaa. Lakini ndipo linapozuka tatizo ambalo Beuys hakulazimika kulifikiria. Katika Ujerumani, baina ya Januari 2018 na Aprili 2021, ukame na joto, pamoja na mbawakawa watobao magome, viliangamiza miti katika eneo lipatalo hekta 500,000, karibu sehemu 5 katika kila 100 za misitu ya nchi, na mti ulioumia kuliko yote ulikuwa sprusi. Ndio mti ule ule wa Paterson. Mdudu huyo yumo Norway pia, na majira ya joto yakirefuka hupata nafasi ya kuzaa mara mbili mahali alipozaa mara moja. Mialoni ya Kassel iko mjini, penye mpira wa maji na watumishi; hata hivyo nayo inasimama katika saruji inayozidi joto, na anayeamua upandwe mti gani kando ya jiwe lililobaki peke yake hawezi tena kukisia kwa mazoea ya babu yake.

Mkataba wa Oslo umewafunga madiwani ambao hawajazaliwa. Watunzaji wa Nordmarka wana karibu miaka tisini mbele yao kabla ya kitabu kuchapwa, na miche iliyo mikononi mwao ni elfu moja.